Tangi la Maji ya Rejeta Linapopasuka: Kuziba, Kulehemu au Kubadilisha

Utangulizi

Miongoni mwa vyombo vilivyomo chini ya boneti ya gari, hakuna kinachodharauliwa kama tangi dogo la plastiki lihifadhilo maji ya ziada ya rejeta. Tangi hilo halizunguki, halitoi mlio, wala halidai kutiwa mafuta. Na gari likiwa bado jipya, mwenyewe aweza kupitisha miaka bila ya kulitupia jicho. Lakini gari likishatimiza umri wa miaka kumi na mitano au ishirini, plastiki ya tangi hubadilika rangi ikawa ya manjano au ya kahawia, hupoteza ulaini wake, na siku moja hupasuka. Maji yakitoka, injini hukosa cha kuipoza. Injini iliyochemka hata mara moja tu yaweza kupinda silinda hedi na kuharibu gasketi yake, na gharama ya kutengeneza hasara hiyo katika gari kuukuu yaweza kuishinda thamani ya gari lenyewe.

Makala haya yanaeleza namna ya kulitambua tangi lililopasuka, sababu za kupasuka kwake, na njia za kulitengeneza au kulibadilisha. Hoja yake kuu ni kwamba uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha hautegemei ukubwa wa ufa, bali hutegemea aina ya tangi. Yapo matangi ya aina mbili yanayofanana kwa sura lakini yasiyofanana kwa kazi, na lugha ya gereji huyaita kwa jina moja: chupa ya maji, au tangi la maji. Kutokana na jina hilo moja, shauri lililo jema kwa tangi la kwanza hupelekwa kwa tangi la pili, ambako huwa ni shauri la hatari.

Jina moja, vyombo viwili

Aina ya kwanza hupatikana katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980, mathalan Toyota Corolla ya wakati huo. Katika gari la namna hii, kifuniko chenye springi na vali kimo juu ya rejeta yenyewe. Chini ya shingo ya kifuniko hicho hutoka mpira mwembamba unaokwenda hadi kwenye tangi. Maji yapatapo moto hutanuka. Mfumo wenye lita 8 za maji ukitoka digrii 20 hadi digrii 90, maji yake huongezeka kwa zaidi ya robo lita. Ongezeko hilo huisukuma vali ya kifuniko, likapita katika mpira mwembamba na kuingia tangini. Injini ikipoa, maji husinyaa, vali ndogo ya pili hufunguka, na maji huvutwa kutoka tangini yakarudi katika rejeta. Tangi lenyewe liko wazi kwa hewa ya nje. Halibebi shinikizo lolote isipokuwa uzito wa maji yaliyomo.

Aina ya pili hupatikana katika magari mengi ya Ulaya, kwa mfano Volvo 240 iliyoundwa tangu 1974 hadi 1993. Hapa tangi ni sehemu ya mfumo wenyewe. Maji ya moto hulifikia, hewa iliyomo katika mfumo hukusanyika humo, na kifuniko chenye vali kimo juu ya tangi wala si juu ya rejeta. Shinikizo lililomo katika rejeta na katika injini ndilo lililomo pia tangini.

Njia nyepesi ya kuzitofautisha aina hizi mbili ni kukitazama kifuniko. Iwapo kifuniko cha tangi ni kipande cha plastiki kinachobonyezwa tu, na rejeta ina kifuniko chake cha chuma, basi tangi ni la aina ya kwanza. Iwapo kifuniko cha tangi ni kizito, kina hesi, na kimeandikwa namba kama 0.9, 1.2 au 1.4, basi tangi ni la aina ya pili, na namba hiyo huonyesha kiasi cha shinikizo ambacho vali hukihifadhi kabla ya kufunguka.

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulieleza jambo hili. Kitenzi funika maana yake ni kuweka kitu juu ya kingine ili kukikinga, kama sufuria inavyofunikwa. Na kitenzi ziba maana yake ni kukifunga kitundu ili kitu kisipite. Kwa hiyo tangi la Toyota lina kifuniko hasa, kwani kazi yake ni kuzuia vumbi tu. Lakini kile kilicho juu ya tangi la Volvo, ijapokuwa nacho huitwa kifuniko, kwa kazi yake ni kizibo. Kwa msingi huo, katika makala haya aina ya kwanza itaitwa tangi la akiba, na ya pili itaitwa tangi la shinikizo. Neno shinikizo limetumiwa hapa kwa maana ya kile ambacho mafundi hukiita presha na vitabu vya fizikia hukiita kanieneo.

Kazi ya shinikizo

Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 mahali palipo usawa wa bahari, kama vile Mombasa. Kadiri mtu apandavyo milimani ndivyo hewa ipunguavyo uzito, na ndivyo maji yachemkavyo mapema zaidi. Mjini Nairobi, penye mwinuko wa karibu meta 1,700, maji huchemka kati ya digrii 94 na 95. Timboroa, panapokaribia meta 2,700, huchemka kwa karibu digrii 91. Thamostati ya injini nyingi hufunguka kati ya digrii 82 na 92. Ni dhahiri basi kwamba injini inayofanya kazi yake ya kawaida ingelikuwa ukingoni mwa kuchemka katika nyanda za juu za Kenya, kama maji yake yangeliachwa wazi.

Kizibo chenye vali huondoa tatizo hilo. Kizibo kinachohifadhi shinikizo la baa 1 juu ya lile la hewa huifanya Mombasa kuwa mahali ambapo maji ya rejeta hayachemki mpaka yafike karibu digrii 120. Na hata huko Timboroa hayachemki kabla ya digrii 115 hivi. Ethilini glikoli, ambayo ndiyo dawa kuu katika kulanti nyingi, huongeza digrii chache zaidi, na pamoja na dawa nyingine zilizochanganywa nayo huzuia kutu.

Kutokana na hesabu hiyo, ufa wa tangi la shinikizo una madhara mawili. La kwanza ni kupotea kwa maji, ambalo kila mtu hulijua. La pili ni kupotea kwa shinikizo lenyewe, ambalo wengi hawalifikirii. Ufa mwembamba unaotoa matone machache tu huweza kuliacha shinikizo lote litoke, hata kama maji yaliyopungua ni kidogo. Gari lenye ufa wa namna hii huweza kutembea Mombasa kwa majuma kadhaa bila ya taabu, kisha likachemka siku ya kwanza linapopandishwa mlima. Dereva hushangaa, kwani maji alikuwa akiyatazama kila asubuhi.

Shinikizo hilo si jambo dogo. Baa 1 ni sawa na nguvu ya takriban kilo 1 juu ya kila sentimeta mraba. Ubavu wa tangi wenye sentimeta 10 kwa 10 husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Plastiki ya tangi hubeba mzigo huo kila gari liendeshwapo, nayo iko motoni.

Sababu za kupasuka

Matangi mengi huundwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, na baadhi yake kwa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo. Jina la plastiki hupigwa chapa mwilini mwa tangi kwa herufi: PP kwa polipropilini, na PA kwa nailoni. Kwa kawaida tangi hutengenezwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa kwa joto. Mshono huo huonekana kama mstari unaolizunguka tangi, na mara nyingi ndipo ufa uanziapo. Mahali pengine pa kuangaliwa ni shina la kila mrija, na shingo ya kizibo.

Sababu ya kwanza ni uzee. Joto pamoja na hewa hubadilisha plastiki kidogo kidogo, ikapoteza uwezo wake wa kunyumbuka. Kila safari tangi hupata moto likatanuka, kisha likapoa likasinyaa. Baada ya maelfu ya safari nyufa ndogo hujitokeza. Sababu ya pili ni nguvu zisizo za lazima: kizibo kukazwa kupita kiasi, mpira mkavu kung'olewa kwa kuvutwa, au kishikio cha tangi kulegea na kuliacha tangi litikisike.

Sababu ya tatu ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi, kwa kuwa asili yake haimo katika tangi. Vali ya kizibo ikikwama, shinikizo hupanda kupita kiasi kilichokusudiwa, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote hupasuka. Vivyo hivyo gasketi ya silinda hedi ikiungua, hewa ya mlipuko wa injini huingia katika njia za maji na kulijaza tangi. Katika hali hizi tangi lililopasuka ni dalili tu wala si ugonjwa. Fundi akilibadilisha bila ya kuchunguza, tangi jipya nalo litapasuka.

Kuutafuta ufa

Kabla ya kugusa chochote, hapana budi injini ipoe kabisa. Maji yaliyomo chini ya shinikizo huweza kuwa na digrii 110 nayo bado hayajachemka. Kizibo kikifunguliwa, shinikizo hutoweka mara moja, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, ikarusha mengine usoni na mikononi mwa aliyefungua. Majeraha ya namna hii ni mabaya sana. Kipimo cha mafundi wenye busara ni mpira mkubwa wa juu wa rejeta: ikiwa hauwezi kushikwa kwa kiganja bila ya kuunguza, au ikiwa ungali mgumu unapobonyezwa, kizibo hakifunguliwi.

Tangi huoshwa kwa maji na sabuni, kisha likakaushwa. Maji ya rejeta yanapokauka huacha alama, nyeupe yakiwa ni maji matupu ya mfereji, au yenye rangi ya kulanti iliyotumika. Alama hiyo ifuatwe kuelekea juu, kwani maji hushuka, na ufa huwa mahali alama inapoanzia. Lugha yenyewe husaidia katika kueleza kilichoonekana: maji yanayotona huanguka tone baada ya tone, na yanayochuruzika hufanya mfuo mwembamba usiokatika. Mwenye gari anayemweleza fundi kwamba maji hutona injini ikiwa baridi, na huchuruzika ikiwa moto, amekwisha kumpa nusu ya jibu, kwa sababu ufa huo hufunguliwa na shinikizo.

Gereji yenye pampu ya kupimia hufunga pampu hiyo mahali pa kizibo na kutia hewa hadi kiasi kilichoandikwa juu ya kizibo, bila ya kukizidi. Mshale wa pampu ukisimama kwa dakika kumi, mfumo ni mzima. Ukishuka, pana mvujo, na mara nyingi maji yenyewe huonyesha mahali. Ili kuchunguza gasketi, injini baridi huwashwa kizibo kikiwa wazi. Mapovu yanayotoka mfululizo bila ya kukoma ni dalili ya hewa ya mlipuko, na gari lapaswa kupimwa zaidi kabla ya kununuliwa tangi.

Kuziba, kushona na kulehemu

Methali isemayo Usipoziba ufa utajenga ukuta hutajwa mara nyingi katika mambo ya gari, na maana yake ya kuhimiza uharaka ni ya kweli hapa. Lakini methali hiyo ilitokana na ukuta, na ukuta hausukumwi kutoka ndani. Udongo hushikamana na udongo. Polipropilini haishikamani na gundi.

Kuziba, yaani kupaka gundi au epoksi juu ya ufa, ndiyo njia inayojaribiwa kwanza. Uso wa polipropilini una tabia ya kukataa vimiminiko na gundi, na ndiyo sababu epoksi iliyokauka juu yake huweza kubanduliwa kwa kucha. Hata uso ukisuguliwa kwa msasa na kupanguswa kwa spiriti, gundi hushika kwa muda tu. Katika tangi la akiba, ambalo halina shinikizo, muda huo waweza kuwa mrefu wa kutosha. Katika tangi la shinikizo huwa ni wa siku chache, pengine saa chache.

Kushona ni kutoboa vitundu kando ya ufa na kupitisha waya. Ni ufundi wa kale wa vibuyu, nao huzuia ufa usipanuke, lakini kila kitundu ni njia mpya ya maji.

Kulehemu ni kuyeyusha. Neno hili lilitumika kwanza kwa madini, na mafundi wa rejeta za shaba walilitumia kwa haki, kwani risasi iliyoyeyushwa hushikamana na shaba. Plastiki nayo huweza kulehemiwa kwa chuma cha moto, kwa namna inayofanana na ile ya kutengeneza mitungi na makarai ya plastiki, iwapo masharti matatu yatatimizwa. Kipande kinachoongezwa sharti kiwe cha plastiki ya aina ile ile, PP kwa PP, kwa maana plastiki mbili tofauti hazichanganyiki. Ncha za ufa hutobolewa vitundu vidogo kabla ya kuyeyushwa, ili ufa usiendelee mbele, kisha vitundu hivyo hujazwa. Na joto lipenye hadi ndani. Polipropilini huyeyuka kwa karibu digrii 160, na ikiunguzwa hadi kutoa moshi mwingi hupoteza nguvu.

Hata hivyo, fundi hodari hulehemu ufa wala halehemu uzee. Plastiki iliyopasuka mahali pamoja imechakaa kila mahali. Kwa hiyo kulehemu tangi la akiba ni matengenezo halali yanayoweza kudumu, ilhali kulehemu tangi la shinikizo ni njia ya kulifikisha gari mahali panapouzwa tangi jingine. Akiwa njiani bila ya msaada, dereva aweza kulifunga tangi kwa mpira wa tyubu, akakiacha kizibo kikiwa kimelegea kidogo ili shinikizo lisijengeke, na kuendesha polepole huku akitazama kipimo cha joto. Akifanya hivyo akumbuke kwamba maji yake sasa huchemka kwa digrii za mahali alipo, na asiondoke mahali penye maji bila ya kubeba galani ya akiba.

Kubadilisha

Kubadilisha tangi hakuhitaji vyombo vingi: bisibisi, koleo, beseni na mpira wa kunyonyea maji. Injini ikiwa baridi, maji ya tangini hunyonywa kwa pampu ya mkono, kamwe si kwa mdomo, kwa sababu ethilini glikoli ni sumu. Ladha yake ni tamu, na mbwa au mtoto aweza kuinywa kwa hiari; kwa hiyo haimwagwi ardhini wala haihifadhiwi katika chupa ya soda. Klipu hulegezwa, na kila mpira huzungushwa kidogo kabla ya kutolewa. Waya wa kipima maji, kama upo, hutenganishwa, kisha tangi huondolewa kwenye kishikio chake.

Tangi jipya huwekwa kando ya lile la zamani na kulinganishwa: idadi ya mirija na upana wake, hesi ya shingo, na alama za kiwango cha chini na cha juu. Tangi lililotolewa katika gari jingine bovu lenye umri ule ule huonekana kuwa nafuu, lakini limepitia joto lile lile na miaka ile ile. Likiwa ni tangi la akiba laweza kukubalika. Likiwa la shinikizo, ni kununua ufa ambao bado haujaonekana. Kizibo hubadilishwa pamoja na tangi, nacho kiwe cha namba iliyotajwa na watengenezaji wa gari. Kizibo chenye namba kubwa zaidi hakiongezi usalama, bali huhamishia mzigo kwenye mipira na rejeta. Mipira iliyokauka au kuvimba hubadilishwa pia.

Maji hujazwa polepole ili hewa ipate nafasi ya kutoka. Kulanti nyingi zisizochanganywa kiwandani huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, kwa kuwa maji ya mfereji au ya kisima huacha chumvi ndani ya njia za injini. Kidhibiti cha joto la ndani ya gari huwekwa upande wa moto, na parafujo ya kutolea hewa, ikiwapo, hufunguliwa mpaka yatoke maji matupu. Injini huwashwa hadi thamostati ifunguke, jambo linalojulikana kwa mpira wa rejeta uliokuwa baridi kuanza kupata moto. Kisha huzimwa, ikaachwa ipoe, na maji yakaongezwa hadi kiwango. Katika siku chache za mwanzo kiwango hicho hutazamwa kila asubuhi. Maji baridi hayatiwi kamwe katika injini iliyochemka, kwani chuma cha moto kikipozwa ghafla hupasuka.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba swali la kwanza juu ya tangi lililopasuka si ukubwa wa ufa, bali ni kama tangi lina kifuniko au kizibo. Tangi la akiba laweza kuzibwa na kulehemiwa, na kwa muda hata chupa safi ya kawaida yaweza kushika nafasi yake, mradi mpira mwembamba ufike chini ya maji. Tangi la shinikizo hubadilishwa, pamoja na kizibo chake, baada ya kuchunguza kilicholipasua. Mafundi wazoefu huijua tofauti hii kwa mikono yao. Lakini mkono wa fundi hauonekani na mwenye gari anayepiga simu kutoka barabarani, wala na mwanafunzi wa gereji ambaye amesikia tu kwamba tangi la fulani lilizibwa na likapona. Hao hufikiwa na maneno, na maneno mawili yaliyo tofauti yakitumiwa kwa vyombo viwili vilivyo tofauti, wengi wataepushwa na injini iliyoungua na mkono uliobabuka.